Ugonjwa wa Crohn: namna mdogo wangu alivyogundulika hapa Moshi, na maana ya zile herufi A, L na B

Kaka_wa_Pasua

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa miaka. Leo naanzisha uzi kwa sababu kuna usiku mmoja nilikaa mpaka saa tisa natafuta kwa Kiswahili maelezo ya huu ugonjwa wa uvimbe wa muda mrefu utumboni, nikakosa hata ukurasa mmoja wa maana. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wetu, alianza kuumwa akiwa kidato cha tatu, ana miaka 16. Tumbo lilikuwa linamuuma upande wa kulia chini, hasa nusu saa baada ya kula. Kuhara kukaja, kukaondoka, kukarudi. Mdomoni akawa anatoka vidonda, magoti yakawa yanauma kama ya mtu mzima, na mara mbili jicho moja lilikuwa jekundu wiki nzima. Sisi kila kitu tulikichukulia peke yake. Macho tulisema vumbi, magoti tulisema baridi ya mlimani. Mama alihamisha kishikizo cha sketi yake ya shule mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Mara ya tatu alikishona huku analia, maana kitambaa cha kukunjia kilikuwa kimekwisha. Kutoka kilo 54 mtoto alifika 39.

Majina aliyopewa kwa hiyo miaka miwili: taifodi mara nne, amiba, vidonda vya tumbo, UTI, chango. Flagyl amekunywa mpaka akawa anaitapika kabla haijafika kooni. Kwa maumivu alikuwa anachomwa sindano za diklofenaki, na baadaye ndiyo tukaambiwa zile dawa zenyewe huchubua utumbo na kuuchokoza.

Siku moja alizidiwa usiku, ikaonekana ni kidole tumbo, akaingizwa chumba cha upasuaji. Daktari mpasuaji alipotoka alikuja kukaa na sisi kwenye benchi, akavua kofia. Akasema kidole tumbo ni kizima. Ila pale utumbo mwembamba unapoishia, kabla haujaingia utumbo mpana, pamevimba, pamekuwa pekundu, na mafuta ya tumbo yameukumbatia utumbo kama vidole. "Sijakata kitu. Hii si kazi ya kisu usiku huu. Mpelekeni juu zaidi." Namuombea yule kijana mpaka leo. Angekata tu na kufunga, tungerudi nyumbani tukidhani tumepona.

Hospitali kubwa tulimkuta daktari wa tumbo, mama mtu mzima, mpole. Alimhoji mdogo wangu zaidi ya nusu saa kabla ya kumgusa. Akauliza macho, magoti, mdomo, kama kuna jipu au uvimbe sehemu ya haja kubwa, kama anaamka usiku kwenda chooni, kama nyumbani kuna mtu amewahi kukohoa muda mrefu. Hapo ndipo tukakumbuka babu. Babu alitumia dawa za TB, na huyu mtoto ndiye aliyekuwa analala chumba cha jirani naye na kumpelekea uji.

Yule mama akaweka kalamu chini. Akasema: "Nina majina mawili kichwani na sitawapa lolote leo. Crohn haina kipimo kimoja kinachosema ndiyo au hapana. Inajengwa, kama kesi mahakamani, kwa ushahidi mwingi."

Ushahidi wenyewe ulikuwa hivi. Damu kwanza: upungufu wa damu, albumini (protini ya damu) chini, CRP (kipimo cha uvimbe mwilini) juu. Choo kikapimwa minyoo, amiba na bakteria, safari hii kwa kuotesha kabisa. VVU tena. Picha ya kifua. Kisha kolonoskopi, yaani kamera inayoingizwa kwenye utumbo mpana.

Kuhusu kolonoskopi niseme kidogo, wengi wanaiogopa. Shida kubwa ni usiku wa kuamkia kipimo. Unachanganya ule unga na maji, unakunywa kikombe kila robo saa, na tumbo linasafishwa mpaka kinachotoka ni maji ya njano yasiyo na kitu. Umeme ulikatika saa nne. Mama alikaa na tochi ya simu kwenye korido, binti anaingia na kutoka, na kila akitoka mama anamfunika kitenge. Asubuhi alichomwa dawa ya usingizi, hakusikia kitu.

Kamera ilionyesha utumbo mpana mzima kabisa. Ila mlango wa kuingilia utumbo mwembamba ulikuwa umebana, kamera ikapenya sentimita chache tu. Huko ndani kulikuwa na vidonda virefu vinavyofuata urefu wa utumbo, katikati yake vipande vizima, vimevimba kama kokoto zilizopangwa. Walichukua vinyama sehemu nyingi, hata pale palipoonekana pazima. Nilishangaa, nikauliza. Nikajibiwa kwamba ugonjwa huu unaruka ruka, na jicho la kamera halioni kila ambacho darubini inaona.

Majibu ya vinyama: uvimbe wa muda mrefu wenye viraka, granuloma (vifundo vya chembe za kinga) chache ndogo zisizo na ule uozo wa katikati unaofanana na jibini, ambao ni alama ya TB, vimelea vya TB havikuonekana, kipimo cha TB cha GeneXpert hasi, kifua safi.

Mimi nikasema basi, ni Crohn. Daktari akakataa. TB ya utumbo hupenda kukaa palepale, mwisho wa utumbo mwembamba, na inaweza kuiga Crohn kwa karibu kila kitu. GeneXpert hasi kwenye kinyama cha utumbo haifungi kesi, kwa sababu vimelea vyenyewe huwa vichache. Halafu kuna babu. Akasema nikimpa dawa za Crohn, ambazo hushusha kinga, na kumbe ni TB, nitakuwa nimeifungulia mlango. Tukaanza dawa za TB.

Mwezi wa kwanza aliongezeka kilo 2. Mama alichinja jogoo. Wiki ya kumi maumivu yakarudi yaleyale. Kamera ya pili ilipopita baada ya miezi mitatu, vidonda vilikuwa pale pale, virefu vilevile. Na picha ya CT ikaonyesha utumbo umepanuka nyuma ya sehemu iliyobana, kama mpira wa maji uliokanyagwa. Ndipo daktari akaandika.

Kwenye fomu ya kwanza ya bima palikuwa na K50.9. Kwenye kadi mpya ameandika K50.0, na chini yake: A2 L1 B2. Nikauliza maana yake. Akachukua bahasha ya picha, akachora tumbo kwa nyuma, akatia kivuli mahali pamoja tu.

Hicho ndicho kilichonifanya niandike. Mtu akikuambia "una Crohn" akaishia hapo, ni kama kumwambia bodaboda "nipeleke Moshi" ukiwa tayari uko Moshi. Moshi ipi? Pasua, Soweto, Kiboriloni? Wenye wagonjwa, ulizeni hizo herufi. Wenye ujuzi humu, nisaidieni kuzieleza vizuri zaidi yangu, maana nimezielewa nusu.

Mtori_wa_Jioni

Pole sana mkuu, pole kwa mama. Nimesoma hapo kwenye kishikizo nikasimama kwanza.

Swali: chakula je? Maana sisi huku mgonjwa ni mtori, na mboga za majani kwa wingi.

Kaka_wa_Pasua

Ahsante mkuu. Kwake yeye, kwa sababu kulikuwa na mahali pamebana, mboga zenye nyuzi nyuzi, mahindi ya kuchoma na maembe yenye kamba ndivyo vilivyokuwa vinamkwamisha mpaka anatapika. Mtori uliosagwa vizuri ulipita. Lakini hilo lilitokana na ile B2 yake. Mwingine mwenye Crohn isiyobana hana sababu ya kunyimwa mchicha.

Dada_wa_Sakina

Naandika kutoka Arusha. Kaka, huyo daktari wako Mungu amzidishie, maana kwetu ilikwenda kinyume.

Mume wangu alikuwa na hali hiyohiyo ya kuhara, kukonda na homa za jioni, na shuka lilikuwa linalowa jasho usiku. Alipimwa kwa kamera sehemu fulani, sitaitaja, tukaambiwa Crohn, akaanzishiwa predinisoloni, dawa ya kushusha kinga, siku hiyohiyo. Wiki mbili za kwanza alikula kama mtu mzima, tukafurahi. Wiki ya tano tumbo likajaa maji. Alipotolewa yale maji na kupimwa upya, na vinyama kuchukuliwa tena, ikawa TB ya utumbo, imeshasambaa kwenye utando wa tumbo.

Alimaliza miezi sita ya dawa. Dawa za TB ni bure nchi nzima, mjue hilo. Leo yuko kazini, anapanda ngazi bila kupumzika. Lakini zile wiki tano nikizikumbuka bado moyo unaniruka. Wapendwa, ukisikia Crohn kwenye nchi yenye TB nyingi kama yetu, uliza kwa heshima kabisa: "Daktari, TB imeondolewaje?" Uliza hivyo hivyo. Si utovu wa adabu.

BintiMaabara

Dada wa Sakina pole. Naomba niongeze la kwetu sisi wa maabara, kwa sababu kuna kosa dogo ambalo linaharibu safari nzima.

Kinyama kikitolewa kwenye utumbo, mara nyingi kinatumbukizwa kwenye formalini na kuletwa. Kwa patholojia ni sawa kabisa, formalini inahifadhi umbo la seli. Lakini formalini inaua vimelea. Kinyama kilichokaa humo hakiwezi kuoteshwa TB tena. Kwa hiyo vinatakiwa vichupa viwili: kimoja cha formalini, kingine cha maji ya chumvi ya hospitali kwa ajili ya kuotesha na GeneXpert, na hiki cha pili kifike haraka. Hili lisemwe kabla ya kamera kuingia. Baada ya hapo utamsumbua mgonjwa kurudia unga na kikombe kila robo saa.

La pili ni Widal, kile kipimo cha damu cha taifodi. Kipimo hiki kinaangalia askari wa mwili, hakimwangalii mdudu. Mtu aliyewahi kuugua taifodi, au maambukizi mengine yanayofanana, anaweza kusoma juu. Ukiambiwa taifodi mara nne kwa mwaka kwa Widal pekee, bila damu kuoteshwa, simama uulize.

La tatu, kuna kipimo cha choo kinaitwa kalprotektini. Kinapima protini inayotoka kwenye chembe nyeupe zilizomiminika utumboni. Chini ya 50 kwa kawaida utumbo hauna moto. Ikivuka 250 kuna uvimbe wa kweli unaostahili kamera. Uzuri wake ni kutenganisha tumbo linalochokozeka bila vidonda na tumbo lenye vidonda. Ila haikuambii kidonda ni cha nani: Crohn inaipandisha, TB inaipandisha, amiba inaipandisha, hata diklofenaki ya wiki nzima inaipandisha. Ukienda kupima, mwambie anayekupokea dawa zote ulizomeza.

Mzee_wa_Uru

Wanangu nawasoma. Sisi zamani hili tuliliita chango, na kuna mizizi ilikuwa inachemshwa, watu wakapona. Simpingi daktari. Nauliza tu, mmejaribu?

Kaka_wa_Pasua

Shikamoo mzee wangu. Tulijaribu, sitaficha. Bibi mwenyewe alichemsha na mtoto alikunywa karibu mwezi. Hakupona, na kilo zikaendelea kushuka. Daktari hakutukemea, alituomba tu tuache wakati wa dawa za TB, kwa sababu zile dawa zinalemea ini na hajui mizizi ile inalifanyia ini nini. Tukamheshimu bibi kwa kumweleza hivyohivyo, akaelewa.

Mzee_wa_Uru

Marahaba. Hapo nimeelewa. Endeleeni.

Tabibu_Kaskazini

Salaam. Mimi ni tabibu, nafanya kazi kanda hii. Siwezi kumtibu mtu humu, ila hizo herufi naweza kuzieleza, na nimefurahi mtu kuziuliza. Wagonjwa wengi wanazo kwenye mafaili na hawajawahi kusomewa.

Kwanza jina. Mwaka 1932 madaktari watatu wa hospitali ya Mount Sinai, New York, Burrill Crohn, Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer, walieleza ugonjwa wa sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Mpasuaji wa Scotland, Kennedy Dalziel, alikuwa ameeleza wagonjwa wanaofanana na hao tangu 1913. Jina likabaki la Crohn kwa sababu orodha ya waandishi ilipangwa kwa alfabeti. Na kwa miaka mingi watu waliamini ni ugonjwa wa sehemu hiyo moja. Ikaja kueleweka kwamba unaweza kukaa popote, kuanzia mdomoni mpaka njia ya haja kubwa. Hapo ndipo haja ya kupanga madaraja ilipokuja, maana wagonjwa wawili wenye jina moja walikuwa hawafanani hata kidogo.

Upangaji tunaotumia sana ulikubaliwa Montreal, Canada, mwaka 2005, ukiwa umerekebisha ule wa Vienna wa 1998. Una maswali matatu.

A ni umri *siku ya kugunduliwa*. A1 ni miaka 16 na chini, A2 ni 17 mpaka 40, A3 ni zaidi ya 40.

L ni mahali. L1 mwisho wa utumbo mwembamba, L2 utumbo mpana, L3 vyote viwili, L4 juu zaidi, kama tumbo lenyewe au sehemu za mwanzo za utumbo mwembamba. L4 inaweza kusimama peke yake au kuongezwa kwenye zile nyingine.

B ni tabia ya ugonjwa. B1 una vidonda na uvimbe lakini haujabana wala kutoboa. B2 umebana njia. B3 umetoboa: jipu ndani ya tumbo, au njia haramu kati ya utumbo na utumbo, utumbo na kibofu, utumbo na ngozi. Kisha kuna herufi ndogo p, inaongezwa nyuma ya B kama kuna fistula (ndizo hizo njia haramu) au majipu kuzunguka njia ya haja kubwa. Vienna walikuwa wanaihesabu hiyo kama B3. Montreal wakaitenga, kwa sababu mtu anaweza kuwa na fistula ya nyuma huku utumbo wake wa ndani haujatoboka popote, na matibabu yake ni mengine.

Kwa watoto kuna marekebisho ya Paris ya mwaka 2011. Wale walio chini ya miaka 10 wametengwa, na kuna herufi G ya kuonyesha kama mtoto amedumaa. Kwa mtoto, kudumaa kunaweza kuonekana kabla ya kuhara.

Hiyo K50 ya bima ni orodha nyingine, ya Shirika la Afya Duniani. K50.0 utumbo mwembamba, K50.1 utumbo mpana, K50.8 inabeba waliougua kote kuwili, na K50.9 ni Crohn isiyotajwa mahali. Siku ya kwanza K50.9 inaeleweka. Mwaka mzima ikiwa bado K50.9, uliza.

Kaka_wa_Pasua

Daktari shikamoo na ahsante sana. Umenigusa hapo kwenye "siku ya kugunduliwa". Mdogo wangu alianza kuumwa na miaka 16. Amegunduliwa na 18. Kumbe ile A2 imebeba miaka yetu miwili ya kuzunguka.

Tabibu_Kaskazini

Ndiyo. Nikiona A2 kwa binti wa miaka 18, huwa nauliza dalili zilianza lini, kisha naiandika pembeni. Mpangilio hauna nafasi ya hilo, faili linayo.

Dada_wa_Sakina

Daktari, hizi herufi zinabadilika? Au ukipewa umepewa?

Tabibu_Kaskazini

Swali zuri dada. A haibadiliki kamwe. L kwa watu wengi inabaki palepale. B ndiyo inayotembea. Wengi wanagunduliwa wakiwa B1, na miaka inavyokwenda sehemu yao wanahamia B2 au B3, kwa sababu uvimbe usiozimwa huacha kovu, na kovu hubana. Haina kurudi nyuma: hata ukikatwa sehemu iliyobana na kuunganishwa, kwenye maandishi unabaki B2. Ndiyo maana tunahangaika kugundua mapema, mtu akiwa B1 bado, dawa ikiwa na kitu cha kuokoa.

Na kila herufi ina kazi inayotudai. Ukiwa na L1, vitamini B12 inafyonzwa hapohapo palipougua, kwa hiyo ipimwe, na ikibidi uchomwe sindano. L2 yenye eneo kubwa la utumbo mpana inatudai kamera ya kutafuta dalili za saratani kuanzia kama miaka 8 tangu dalili zianze. B2 inatuonya tusimmezeshe mgonjwa ile kamera ndogo ya kidonge bila kujiridhisha, itakwama. B3 inataka jipu litolewe usaha kwanza, kabla ya dawa yoyote ya kushusha kinga.

Kitu kimoja watu wanachanganya. Herufi hazisemi leo unaumwa kiasi gani. A2 L1 B2 anaweza kuwa anacheza mpira, na A2 L1 B1 akawa kitandani. Ukali wa siku una vipimo vyake. Kilicho rahisi kuliko vyote ni cha Harvey na Bradshaw cha mwaka 1980: hali yako kwa ujumla jana, maumivu ya tumbo, idadi ya choo cha maji, uvimbe ambao daktari anaugusa tumboni, na matatizo ya pembeni kama macho na viungo. Jumla ikiwa chini ya 5 tunasema ugonjwa umetulia.

Kaka_wa_Pasua

Daktari, hilo la kuhesabu tumelifanya bila kujua jina lake. Mdogo wangu ana daftari la mistari, la shilingi mia tano. Kila jioni anaandika: choo mara ngapi, maumivu kidogo au sana, amekula nini, jicho. Kuna kurasa ameandika neno moja tu, "nimechoka". Siku ya kliniki yule daktari wetu anachukua daftari kabla ya faili.

Kwa wanaouliza yuko wapi sasa: ile sehemu iliyobana ilikuwa kovu, dawa haikuifungua. Walimpasua, wakakata kipande, wakaunganisha. Anatumia azathioprini, dawa ya kushusha kinga, damu inapimwa kila mara kwa sababu dawa hiyo inaweza kushusha chembe nyeupe. Sindano ya B12 anachomwa. Ana kilo 51. Amerudi kusoma.

Mpole_wa_Ngaramtoni

Nimesoma uzi huu mara mbili. Sijawahi kuandika jambo hili popote na mke wangu pekee ndiye anajua.

Nina miaka 44. Nimepasuliwa mara tatu kwa kile kilichoitwa bawasiri, halafu jipu, halafu fistula. Kila mara kinapona, kinafumuka pembeni. Navaa vitambaa kama mwanamke wakati wote, na kanisani nakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Kuhara ninako pia, miaka minne, nikadhani ni maziwa. Hakuna daktari aliyeniuliza kuhusu kuhara, na mimi sikusema, nikaona ni mambo mawili tofauti. Leo nimesoma hiyo p ndogo nikatetemeka.

Tabibu_Kaskazini

Kaka, umefanya vema kuandika. Sisemi una Crohn, sijakuona. Lakini fistula inayorudi mara ya tatu pamoja na kuhara kwa miaka minne haitakiwi kupasuliwa mara ya nne kabla ya kamera ya utumbo mpana na vinyama. Na TB nayo inaweza kutoa fistula hapo, kwa hiyo usaha na nyama vipimwe TB, kama BintiMaabara alivyosema, vichupa viwili. Ukifika kliniki sema sentensi moja tu mwanzoni: "Nimepasuliwa fistula mara tatu na ninaharisha miaka minne." Vitaje pamoja. Mengine daktari atauliza.

Dada_wa_Sakina

Shemeji wa Ngaramtoni, usikae na aibu. Mume wangu yuko tayari kuongea na wewe, mwanaume kwa mwanaume. Nitumie ujumbe wa pembeni.

Mtori_wa_Jioni

Pole kaka. Tuko na wewe.

Mpole_wa_Ngaramtoni

*(miezi mitano baadaye)*

Wakuu, nimerudi kwenye uzi. Samahani kwa ukimya.

Niliongea na mume wa dada wa Sakina karibu saa nzima, nikaenda kliniki wiki hiyohiyo. Nilisema ile sentensi kama ilivyoandikwa. Daktari aliinua kichwa kutoka kwenye karatasi, akaniomba nirudie.

Kamera ilikuta vidonda vyenye viraka kwenye utumbo mpana, ule mwembamba ni mzima. Vinyama viliwekwa kwenye vichupa viwili, niliuliza mwenyewe. Kuotesha TB kulichukua wiki nyingi na kikatoka hasi, kifua safi, na granuloma zilizoonekana hazikuwa na uozo wa katikati. Juzi ameniandikia: K50.1, A3 L2 B1p. Kabla ya dawa anataka MRI ya nyonga ili aone zile njia zimepita wapi kwenye misuli, na mpasuaji aweke uzi wa kuzitoa usaha. Amesema hakuna kukata tena kwa kubahatisha. Nafasi niliyopata ni Moshi, Alhamisi saa mbili asubuhi, na huko simjui mtu.

Kaka_wa_Pasua

Kaka, panda gari la kwanza alfajiri. Ukikaribia stendi ya Moshi niandikie ujumbe wa pembeni, nitakuwa pale nje na pikipiki, lakini kwa hali yako nitakodi bajaji, usikalie pikipiki. Mama amesema ukitoka kwenye kipimo usirudi Arusha na njaa, uje nyumbani kwanza. Na mdogo wangu anakununulia daftari.